Pengo Kwenye Matete

Muchaneta alikuwa na kazi ambayo hata mama yake mzazi hakuielewa. Wanawake wa kanisani wakimuuliza mama, "Binti yako huko mjini anafanya nini?" yeye hujibu, "Anaunga mistari," kisha hubadili mazungumzo upesi kabla hajaulizwa mistari gani. Na hakuwa amekosea sana. Katika ofisi ya ramani pale mjini Masvingo, ghorofa ya pili, dirisha likitazama ukuta wa duka la mbolea, Muchaneta alikaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akiunga mistari ya barabara, ya nyaya za umeme na ya mabomba ya maji. Mistari yenyewe ililetwa na wapimaji waliokuwa wakitembea porini na kifaa cha GPS mkononi, kifaa kikidondosha nukta huku wanakwenda. Nukta zikiunganishwa, huo ni mstari.

Sasa mstari wa mtu anayetembea kwa miguu haunyooki, jamani. Mmoja unakoma kidogo tu kabla ya kufika unakotakiwa. Mwingine unapitiliza, kama mlevi aliyepita mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mwingine umechorwa mara mbili kwa sababu mpimaji alisahau kofia akarudi kuifuata. Na kompyuta haina huruma na mambo hayo. Mistari miwili isiyogusana, hata ikiachana kwa upana wa unyasi, kwayo haijuani kabisa. Iulize kama maji ya bwawa yatafika zahanati, itakwambia hayafiki, yameishia njiani.

Basi kazi ya Muchaneta ilikuwa kuiamuru: mianya yote midogo kuliko kiasi hiki, ifunge, mikia yote iliyopitiliza, ikate. Unabonyeza, unasubiri, na vidoto vyekundu vya makosa vinanywea kama upele uliopakwa dawa. Vile vikaidi vinavyobaki ndivyo unavyovishughulikia kwa mkono, kimoja kimoja, kwa akili zako mwenyewe. Ofisi nzima hakuna aliyemfikia kwa hilo. Wenzake walimwita Chihera, kwa ukoo wa baba yake, na kwetu mwanamke wa ukoo huo lazima ataniwe: ati ni mkaidi, ati haombi radhi, ati mumewe ndiye anayesonga sadza, ugali wetu. Muchaneta alikuwa akicheka tu. Mume wa kusonga sadza hakuwa naye tena.

Alikuwa ameolewa kijiji cha Machingura, akazaa mtoto wa kiume, wakampa jina Anesu. Anesu alikufa kwa homa kabla hajaota hata jino moja. Na mtoto asiyeota jino, kwetu, wanaume hawamziki. Hawekewi jiwe wala msalaba. Wanawake wazee humchukua, wakamlaza ndani ya chungu, wakamfukia penye udongo wa maji karibu na kijito, ili ardhi ipoe na mama apate mwingine. Mama mwenyewe haendi na wala haambiwi ni wapi. Inasemekana akipajua mahali, moyo wake utakuwa unarudi huko kila siku na tumbo litafunga. Ndivyo alivyofanyiwa Muchaneta. Alilala chumbani, maziwa yanamuuma kifuani, akasikia nyayo za wale wazee zikitoka uani, na baadaye akazisikia zikirudi. Wakanawa mikono nje ya dirisha lake huku wakizungumzia mahindi.

Hakupata mwingine. Mume alivuka mpaka kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Akapata kazi, akapata na mke. Muchaneta alirudi mjini, akapanga chumba, akazama kwenye mistari yake. Alikuwa bado na umri wa kuzaa na bado alikuwa akitumaini, ingawa tumaini lenyewe hakulitangaza. Lakini jambo moja halikumtoka akilini miaka yote. Alitaka kujua mwanawe amelala wapi. Si kwamba angefanya lolote. Alitaka kujua tu, kama vile kila mama anavyojua mtoto wake yuko chumba gani.

Basi ukaja mradi wa maji wa kwa Machingura. Bomba litoke bwawa dogo la juu, lifuate kijito cha Nyamatore, lifike zahanati na shule. Mstari uliletwa na Tavengwa, mpimaji mwenye mwili mkubwa na sauti ya kwaya, mtu mwenye adabu zake. Muchaneta aliufungua kwenye kompyuta, akaona jina la kijiji. Akaazimia kuumaliza haraka auondoe mbele ya macho yake.

Kompyuta ilifunga mianya yote ila mmoja. Karibu na kijito mstari wa Tavengwa ulikatika, ukaanza tena ng'ambo, na katikati pakabaki pengo pana kama uwanja wa mpira. Vidoto viwili vyekundu, kimoja kila upande, vikamkodolea macho. Siku nyingine yoyote Muchaneta angepiga simu, kwa heshima ya mdogo kwa kaka: "Mukoma Tavengwa, hapa palikuwaje?" Ndiyo desturi ya kazi, pengo kubwa kama lile huliungi kabla hujamuuliza aliyetembea. Lakini Tavengwa alikuwa wilaya nyingine milimani, simu haishiki, na mkuu wa ofisi, Bwana Chivasa, alikwishapita mara kadhaa mlangoni akisema, "Chihera, mkandarasi ananipigia kelele." Na zaidi ya yote, Muchaneta hakutaka kukaa na kijiji kile kwenye kioo hata kwa mchana mmoja zaidi. Akatazama picha ya angani. Akaona matete, kijani kibichi, basi. Akajisemea, huyu ameogopa kulowesha viatu. Akavuta mstari ulionyooka kutoka kidoto hiki hadi kile, kupitia katikati ya matete. Vidoto vikafa. Kazi ikaenda kwa mkandarasi.

Tavengwa alirudi ofisini siku ambayo mvua ilikuwa imetishia tangu asubuhi isinyeshe. Akaingia na kikombe cha chai mkononi.

"Chihera! Bado hujaolewa na hiyo kompyuta?"

"Ng'ombe za mahari hujaleta, Mukoma. Unaleta midomo tu."

"Ng'ombe zangu zimekonda. Nikileta hizo utanirudishia na mbwa nyuma yake."

Wakacheka. Tavengwa akageuka kuangalia ramani zilizobandikwa ukutani, akipuliza chai yake. Alipofika kwenye ile ya kwa Machingura akaacha kupuliza.

"Huu mstari hapa nani kaupitisha?"

"Mimi. Uliniachia pengo kama kinywa cha mzee. Uliogopa kulowa?"

"Mimi sikupita hapa."

"Najua hukupita. Ndiyo maana nimekupitisha mimi."

Tavengwa hakucheka. Alikiweka kikombe juu ya meza, polepole, akajifuta viganja kwenye suruali. "Mwanamume hapiti pale, Chihera. Nilizima kifaa, nikazunguka kwa juu, kule kwenye mawe, nikakiwasha upande wa pili. Nilidhani mtaelewa."

"Tuelewe nini? Mbona ulizima? Ungezunguka nacho kikiwa kimewashwa, mimi ningeona ulivyozunguka!"

"Ningekuwa napazungushia kidole. Pale hapanyooshewi kidole, sembuse kupaandika." Akatazama sakafu. "Ni pa kina mama. Pa wale wadogo. Wasio na meno."

Muchaneta akaugeukia ule mstari ukutani. Wapimaji wa kwetu wote wangefanya kama Tavengwa, hilo nakwambia. Wangezima kifaa kwa heshima, wakaona wamefanya jambo la kiungwana. Na yeye, binti wa watu haohao, aliyezaa na kuzikiwa mtoto hukohuko, aliliona pengo la heshima akadhani ni uvivu.

"Wameanza kuchimba?" Tavengwa akauliza.

"Tangu wiki iliyopita."

Bwana Chivasa aliwasikiliza wamesimama mlangoni kama watoto waliovunja sahani. Mwanzoni hakuelewa, kwa sababu Tavengwa alikuwa akizunguka maneno. Alipoelewa, akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya yule. Naye alikuwa na ndugu yake mdogo aliyelazwa mahali kama pale, kwani nani kwetu hana? Akampigia simu msimamizi wa uchimbaji, akaongea naye akiwa amewapa mgongo.

"Katapila limeingia kwenye matete jana," akasema alipomaliza. "Limekwama kwenye tope. Wamelivuta nje. Wanasubiri lingine lenye minyororo mipana."

"Limeingia kiasi gani?" Muchaneta akauliza.

"Kidogo, anasema. Kama urefu wake lenyewe."

"Bosi, waambie wasirudi."

"Niwaambie kwa sababu gani? Mkandarasi wa mbali yule, hajui mila za hapa. Nimwambie kuna kitu ambacho mimi mwanamume siwezi kukitaja?" Akavaa miwani tena. "Nimemwomba asubiri hadi Jumatatu. Niletee mstari, Chihera. Eneo lote lizungushiwe, lionekane linaanzia wapi na kuishia wapi, na bomba lipite nje yake. Huo nitausaini mchana kweupe. Nikikosa mstari, wataendelea na ule wa kwako."

Ule wa kwako. Maneno hayo alitoka nayo ofisini akalala nayo.

Kesho yake Tavengwa aliendesha gari la ofisi, na njia nzima waliongea mara chache sana. Kijijini Muchaneta alikwenda moja kwa moja kwa bibi mmoja, Ambuya Masiiwa, dada wa marehemu mama mkwe wake na mkubwa wa wakunga wote wa pale. Alimkuta kaketi juu ya mkeka nyuma ya jiko, anabangua karanga, pua imejaa ugoro.

"Umekonda," Ambuya akasema kabla ya salamu. "Mjini hawali?"

"Wanakula, Ambuya. Mmeamkaje?"

"Tumeamka kama umeamka. Kaa. Usinisimamie kama mtoza kodi."

Muchaneta akaketi, akanyoosha miguu kando kama mkwe anavyotakiwa, akaeleza. Alieleza habari za bomba, za mstari, za Jumatatu. Ambuya alibangua karanga zake bila kumkatiza. Kisha akasema, "Na ninyi serikali mnatuona wajinga. Huyu kijana wako mnene tulimwona alivyokuja. Alipofika pale akazima kidude chake, akavua na kofia, akazunguka kwa juu. Tukasema, kumbe wako wenye akili. Tukalala usingizi. Halafu likaja lile dude la chuma, likapita katikati kama limeitwa."

"Hamkupiga kelele?"

"Tulipiga! Tulimwendea mkuu wa kijiji. Akainamisha kichwa, akasema atawaambia. Atawaambia kwa mdomo gani? Mwanamume na mwanamume mwenzake, wazungumze habari za pale? Mpaka leo bado anatafuta neno la kuanzia." Akavuta ugoro. "Mimi ninachotaka kujua ni kimoja. Nani alilituma lipite katikati?"

Muchaneta angeweza kusema kompyuta. Watu husema hivyo kila siku, na Ambuya asingejua.

"Mimi, Ambuya. Niliona pengo, nikaliunga."

Mikono ya yule bibi ikasimama juu ya karanga. Hakumtukana. Laiti angemtukana! Akarudi kubangua, na maganda yakaendelea kuanguka.

"Nionyeshe mpaka wake tu," Muchaneta akasema. "Nizunguke na kifaa, nitoke. Sitauliza yupi kalala wapi."

"Wewe? Wewe ndiye wa kwanza kutoonyeshwa."

"Mimi siamini hayo mambo, Ambuya."

"Sikukuuliza unaamini nini. Miguu itakayokupeleka ni yangu, na yangu inaamini." Akamnyooshea kidole chenye ugoro. "Unataka kuzaa tena au hutaki?"

Machozi yakamtoka Muchaneta yenyewe. Alijikasirikia kwa kulia mbele ya yule bibi. Ni kweli aliwahi kusema mara nyingi, mjini, kwa wasomi wenzake, kwamba hayo ni mambo ya kale. Lakini ukiwa umekaa nyuma ya jiko la wakwe zako, na kijito kinasikika kule chini, ya mjini unayaacha mjini. Alitaka kuzaa tena. Na alitaka wale watoto waachwe walale. Vyote viwili vilikuwa vimekaa mkononi mwa bibi mmoja mwenye pua ya ugoro.

Tavengwa hakuweza kwenda. Ofisini hakuna mwanamke mwingine aliyejua kushika kifaa. Muchaneta akakitoa kwenye mfuko wake, akakitazama, akakiweka juu ya mkeka.

"Basi nenda wewe, Ambuya."

"Mimi? Na hicho?"

"Nitakiwasha hapa hapa. Huna la kubonyeza. Ukishike tu, uzunguke ukingo wote, urudi."

Ambuya akakichungulia kama mtu anayechungulia kuku wa kununua. "Kinauma?"

"Hakiumi."

"Kinasikia tunayosema?"

"Hakisikii. Kinajua tu ulipo."

"He! Marehemu mume wangu alijaribu miaka mingi kujua nilipo, hakufaulu." Akacheka mwenyewe, akakohoa, akakifunga kifaa kwenye pindo la kanga yake. "Geuka. Tazama jikoni. Ukigeuza shingo nitajua."

Muchaneta akageuka. Tavengwa alikuwa mbali kwenye gari, kofia usoni. Muchaneta alisikia ndala za Ambuya zikiteremka, kisha hakusikia kitu. Akavuta ungo wa karanga akaanza kubangua. Alibangua na kubangua. Jua likahama ukutani. Kuku wakamzoea, wakaanza kudonoa hadi kwenye vidole vyake. Mara kadhaa shingo ilimtaka ageuke, akaizuia. Alianza kuogopa kwamba bibi wa watu ameanguka huko na hakuna atakayeruhusiwa kumwokota.

Ndipo ndala zikasikika zinapanda. Ambuya alitokea amelowa hadi kiunoni, anahema, akajitupa kwenye mkeka.

"Chukua kidude chako. Kizito hicho."

"Ambuya, mbona umekawia?"

"Wewe utakuwa na miaka yangu, tuone utakavyokimbia kwenye tope."

"Na lile katapila..." Hakuweza kumaliza.

"Liliishia pembeni, kwenye matete matupu." Ambuya akamshika mkono, mkono wake baridi kama samaki. "Halikumgusa mtu. Wote wamelala. Nenda kafanye kazi yako, ufunge hapo pengo lako vizuri safari hii."

Muchaneta alimpigia magoti, akampigia makofi ya shukrani kwa viganja vilivyokunjwa, kama inavyopasa. Ndani ya gari alilia tena, sasa kwa kutua mzigo. Tavengwa akamuuliza, "Je?" Akamwambia, "Hawakuguswa." Tavengwa akaimba wimbo wa kwaya hadi Masvingo, kwa sauti kubwa mno, na Muchaneta akamtania kwamba ng'ombe wa njiani wanakimbia kwa sababu yake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alihisi njaa.

Jumamosi ofisi ilikuwa tupu. Alinunua maandazi, akajikaribisha kwenye kiti chake, akakiunganisha kifaa na kompyuta. Mstari wa Ambuya ukatokea. Ulikuwa mstari wa ajabu, wa mtu asiyejua kwamba anachora. Ulikuwa unayumba, unarudi nyuma, unakwepa mashimo, na mwisho wake haukufika mwanzo wake. Muchaneta alitabasamu. Akaiamuru kompyuta ifunge mwanya, ikafunga. Sasa ulikuwa duara lililopinda, eneo kamili lenye mpaka. Akaweka ukanda wa usalama kuzunguka lote, akachora njia mpya ya bomba kwa juu, kule kwenye mawe, pale pale alipokuwa amezunguka Tavengwa. Akaiuliza kompyuta kama maji yanafika zahanati. Yanafika.

Likabaki la mwisho, la kawaida kabisa, ambalo hulifanya kila siku. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa ametuma mstari wa mtaro waliokwisha kuuchimba. Muchaneta akauweka juu ya duara, akaomba kompyuta imwonyeshe mistari inapokatana, ili Bwana Chivasa aone ni wapi pa kufukia. Alitegemea nukta moja, pale mtaro ulipoingilia ukingo. Kompyuta ikampa lundo la nukta.

Akavuta picha karibu. Mstari wa Ambuya, ulipofika upande ule, ulikuwa umeacha ukingo. Uliingia ndani ya matete moja kwa moja hadi mwisho wa mtaro, na pale ukajiviringa kuwa fundo. Sasa mafundo Muchaneta aliyajua. Mtu akisimama mahali pamoja, kifaa hakisimami. Kinaendelea kudondosha nukta, moja huku, moja kule, zinarundikana juu ya nyingine mpaka zinafanana na uzi uliochezewa na paka. Kwa mafundo hayo alikuwa akijua Tavengwa alikunywa maji wapi na alipiga soga na nani. Ni uchafu wa mstari; unaufuta bila hata kuutazama. Lakini hili lilikuwa fundo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Kila nukta ina saa yake. Akazisoma. Ambuya alilizunguka lile eneo lote upesi tu. Muda mwingine wote, ule ambao Muchaneta alibangua karanga akizuia shingo yake, alikuwa pale, mwisho wa mtaro.

Akaliweka andazi chini. Akachukua simu.

"Ambuya, ni mimi."

"Mlifika salama? Yule mnene bado anaimba?"

"Ambuya, uliingia ndani."

"Ulisema hakisikii."

"Ulisimama pale mtaro ulipoishia. Ulisimama sana."

"Sikusimama," Ambuya akasema. Ukali wote ulikuwa umemtoka, akawa bibi mzee tu anayezungumza kwenye simu ya kuazima. "Nilipiga magoti. Mtu huwezi kuokota ukiwa umesimama."

Muchaneta akashika ukingo wa meza. "Walikuwa wangapi?"

"Mmoja. Lile dude lilikwama mapema, Mungu ni mkubwa. Mmoja tu."

"Wa nani?"

"Binti, funga hiyo kazi yako. Kaa na watu. Kula."

"Wa nani, Ambuya?"

Kuku walisikika kwenye simu, na mtu akiita mbuzi. Muchaneta alisubiri. Angeweza kukata, na mpaka leo naamini Ambuya alikuwa akimwomba kimoyomoyo akate. Hakukata.

"Wako," Ambuya akasema. "Nilimlaza mimi siku ile, chungu nakijua. Kilikuwa kimevunjika. Nilimkusanya mwili wote, sikumwacha hata kidogo, nikamfunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamshusha chini zaidi kwenye maji. Hakulala wazi, Muchaneta. Unasikia? Hakulala wazi."

"Nasikia."

"Nilitaka usijue."

"Najua, Ambuya. Asante."

Aliiweka simu chini. Kwenye kioo fundo lilikuwa palepale, na kwa chini kompyuta ilikuwa imeandika mahali penyewe kwa tarakimu ndefu, sahihi hadi upana wa mkono. Miaka yote alitaka kujua hilo tu, na sasa angetoa chochote alichonacho ili asijue. Akalitazama mpaka macho yakamwuma. Hakuna hata mtu mmoja wa kumlaumu. Katapila lilifuata mstari, na mstari aliuvuta yeye, kwa mkono huu, kwa sababu hakutaka kukitazama kijiji kile mchana mmoja zaidi.

Fundo lisingeweza kubaki. Jumatatu Bwana Chivasa angeliona, mkandarasi angeliona, vijana wa kuchimba wangenyooshea kidole na kuuliza hapa pana nini. Muchaneta alizichagua nukta zote, moja isibaki, zikawaka njano. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika anataka kuzifuta. Kwetu mtoto wa umri ule haliliwi kwa sauti, na yeye hakuwa amemlilia Anesu, si siku ile wala baadaye. Akabonyeza ndiyo. Fundo likatoweka, mstari ukanyooka, na Muchaneta akaweka kichwa juu ya meza akapiga ukunga uliomtoa mlinzi wa duka la mbolea nje, akasimama barabarani akitazama juu, asijue ni dirisha lipi.